Bodi ya Datsun 1600 SSS ya Safari imeliwa na kutu ya bahari: nianzie wapi?

mtwapa_sss

Salaam aleikum wakuu. Naomba ushauri wa mafundi wa bodi, hasa waliozoea magari ya pwani.

Gari ni Datsun 1600 SSS, bodi ya 510, milango minne, iliyotayarishwa kwa mbio za Safari. Ni aina ileile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1970. Limekaa miaka mingi karibu na mkono wa bahari, Mtwapa. Injini, giaboksi, tangi la mafuta, viti na waya zote zishatoka. Limebaki gamba tupu juu ya magogo.

Kutu ilipo: trei ya betri imetoboka, na reli iliyo chini yake ina vipele. Sakafu ya dereva na ya navigeta, bisibisi yapenya bila kusukumwa. Sili ya kushoto (boriti ya bati chini ya milango) imeoza kutoka nyuma ya fenda hadi katikati ya mlango. Kuna pia midomo ya matao ya magurudumu ya nyuma, kona mbili chini ya kioo cha mbele, na kisima cha spea. Paa, boneti na milango ni mizima, ina madoa ya juujuu tu. Kizimba cha vyuma cha kulinda watu gari likipinduka bado kimefungwa ndani kwa bolti, na nyayo zake mbili za mbele zimekaa palepale sakafu ilipooza.

Fundi mmoja anataka bodi nzima ipigwe mchanga kwa hewa ya kompresa. Mwingine anasema atalaza bati jipya juu ya lile la zamani kisha apige andasili, ile kinga nzito ya chini ya gari. Je, nimfuate nani? Bati la geji (unene) gani? Na kubwa zaidi: nifanye nini kutu isirudi, maana gari litaendelea kukaa hapahapa pwani? Nia ni kulikimbiza tena kwenye mbio za magari ya kale, si kuliweka sebuleni.

---

bati_changamwe

Waaleikum salaam. Kabla ya geji na kabla ya mchanga, shughulika na chumvi. Hapo ndipo kazi nyingi za pwani huharibikia.

Kutu ya bara ni chuma, hewa na maji. Kutu yako ina chumvi iliyojificha chini kabisa ya vile vishimo vidogo, na haitoki kwa msasa wala brashi ya waya. Brashi hung'arisha kilele cha kishimo na kuisukuma chumvi ndani zaidi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na chumvi ya magnesi, ambayo nayo imo ndani ya maji ya bahari, huanza chini sana ya hapo. Usiku wa Mombasa unyevu hupita 75 mara nyingi mno. Basi ukipaka praima juu ya kishimo chenye chumvi, umefungia maji ndani ya rangi. Miezi michache baadaye utaona malengelenge madogo, na fundi atalaumu rangi bure.

Fanya hivi. Ondoa kutu mpaka chuma kionekane kijivu, kisha osha kwa pampu ya kuoshea magari, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni, kausha kwa hewa ya kompresa, rudia. Raundi tatu si nyingi. Maji yawe matamu kwelikweli: visima vingi vya huku vina chumvi, na kuosha chumvi kwa maji ya kisima ni kumrudisha mwizi ndani ya nyumba. Tumia maji ya mfereji au ya mvua yaliyokingwa tangini, na raundi ya mwisho kwenye vipande vyenye vishimo futa kwa maji ya betri, yale safi ya kuongezea, si asidi.

Kupima kama chumvi imetoka kuna njia mbili. Ya kwanza haina gharama: lifute bati likauke, lilaze usiku mmoja kwenye banda lililo wazi, bila kitu juu. Asubuhi liangalie kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Kutu nyepesi ya rangi ya chai iliyotandaa sawasawa ni unyevu tu, yatoka kwa kitambaa cha msasa. Ukiona nukta nyeusi-nyekundu zilizochomoza kama ufuta, kila moja na tone lake la jasho, hapo chini kuna chumvi bado. Zungushia chaki, osha tena. Ya pili ni nitrati ya fedha kutoka duka la kemikali za maabara: lowesha pamba kwa maji ya betri, bonyeza juu ya kishimo dakika mbili, kamulia kwenye chupa safi, dondosha tone. Maji yakigeuka kama tui, chumvi ipo. Vaa glavu, maana inaacha doa jeusi kwenye ngozi.

Asidi ya fosfori ni nzuri baada ya hapo, si badala yake. Hugeuza mabaki ya kutu lakini haiondoi chumvi. Kwa joto letu hukauka ndani ya dakika chache, na ikikauka huacha ukungu mweupe unaonata, na epoksi haishiki juu yake. Iweke mbichi dakika 10 hadi 20 kwa kuilowesha mara kwa mara, suuza kwa maji matamu, kausha papo hapo, paka siku hiyohiyo.

Yule wa kulaza bati juu ya bati, mshukuru umwage. Kati ya mabati mawili patakuwa na kutu, chumvi na giza, na andasili ya lami huzuia maji yasitoke. Hiyo ni kazi ya kuuza gari, si ya kulikimbiza.

---

nyundo_na_doli

Naafikiana na bati_changamwe. Niongeze upande wa kukata na kuchomelea.

Usikate chochote kabla hujafunga gamba. Sili ya 510 ni uti wa mgongo. Ukiiondoa huku bodi imeegemea magogo katikati, mlango hautafunga tena na hutajua kwa nini. Ondoa magogo. Egemeza bodi pale inapobebwa na sasipensheni: mbele kwenye reli karibu na krosimemba, nyuma pale boriti ya sasipensheni inapofungwa. Chukua bomba la mraba la mm 25 lenye ukuta wa mm 2, chomelea moja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kati katika kila tundu la mlango, na moja kukata kabini upande kwa upande. Kisha pima. Kati ya ekseli na ekseli ni mm 2420 kila upande. Pima mishazari kutoka juu ya shokabsoba ya mbele hadi bawaba ya mlango wa upande wa pili, na mshazari wa kila tundu la mlango. Andika kwa penseli ya rangi ukutani, si kwenye simu. Tofauti ya mm 3 katika mshazari tayari ni habari. Milango ifungwe mahali pake wakati sili inashikizwa: nafasi ya mlango ndiyo kipimo chako cha kweli. Upande mmoja umalizike ndipo ugeukie wa pili.

Geji: sakafu, matao na kisima cha spea tumia geji 20, yaani kama mm 0.9. Sili geji 18, mm 1.2. Reli chini ya trei ya betri geji 16, mm 1.6. Liwe bati jeusi, yaani lisilo na zinki, lililobanwa kwa roli likiwa baridi, si mabati ya kuezekea. Ya kuezekea ni geji 28 hadi 32, membamba kama karatasi, na moshi wa zinki yake ukichomelea hukupa homa na kutetemeka usiku. Wengine hukata mapipa ya oili kwa sababu bati lake lina unene unaofaa na mviringo wake husaidia kwenye tao. Bati ni zuri, lakini pipa lililofungwa lenye mvuke hulipuka kwa cheche moja ya grenda. Lifunguliwe kwa patasi na nyundo, lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, ndipo grenda iguse.

Kata mpaka ukutane na chuma kinacholia. Gonga kwa nyundo ndogo: bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti ya kadibodi. Ongeza sm 2 kupita hapo. Kona za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali ndipo ufa huanzia gari likipigwa na barabara mbovu.

Sehemu inayoonekana, kama mdomo wa tao, iunganishwe ukingo kwa ukingo na nafasi ya mm 0.6 hadi 1. Sakafu na sili zipandane kama kiwandani, na uchomelee kwa matundu ya mm 8 yaliyoachana mm 30. Ndani ya mpando upake praima ya zinki ya kuchomelewa, halafu uifute ndani ya matundu tu. Mashine ya MIG, yaani ya waya na gesi, waya wa mm 0.6, gesi ya argoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi tupu yafaa pia, ila huruka cheche zaidi. Mashine ya vijiti usiilete karibu na mm 0.9, itakupa matundu mapya.

Kuchomelea bati jembamba hakutaki mstari. Nukta moja huku, nyingine sm 15 kule, rudi katikati. Ukiweza kulaza kiganja juu ya nukta, endelea, ukishindwa, ngoja. Chuma kilichochomelewa hupoa kikijikunja, ndiyo maana bati huvutwa na kuingia ndani kando ya mshono. Dawa si filla, ule udongo wa kujazia mabonde. Saga nukta zikaribie usawa, weka doli (kipande kizito cha chuma cha kushika mkononi) nyuma ya mshono moja kwa moja, na piga nyundo juu ya doli taratibu: chuma cha mshono hutanuka na bati hurudi lenyewe. Utaona mng'aro wa mwanga ukinyooka juu ya bati. Huo ndio wakati wa kuacha, usipige hata moja zaidi.

Kabla ya kugusa gari, chomelea vipande viwili vya chakavu cha unene uleule, vikunje kwenye jiriwa mpaka vivunjike. Bati lenyewe lichanike kando ya tundu. Nukta ikibanduka mzima mzima, joto halijaingia na sili yako itashikiliwa na rangi tu.

---

kompresa_shimanzi

Kuhusu kupiga mchanga, fundi wako hajakosea kabisa, amekosea mahali. Chini ya gari, ndani ya matao, reli na chumba cha injini, piga. Hakuna njia nyingine itakayoingia katika vishimo na mikunjo ile vizuri hivyo, na kuchomelea ni baada ya hapo kwa sababu mchanga hukuonyesha matundu ambayo macho hayajayaona. Paa, boneti, kifuniko cha buti na ngozi za milango, hapana. Watu hudhani bati hupinda kwa joto. Hapana, kila chembe ni nyundo ndogo, na nyundo milioni upande mmoja hutanua uso huo, bati linavimba kama mkate na halirudi. Hayo toa rangi kwa dawa ya kubabua au diski laini ya nailoni.

Mchanga wa ufukweni marufuku. Una chumvi, na vumbi la mchanga huota kwenye mapafu milele. Ulizia ganeti (mawe magumu yaliyosagwa) ya punje ndogo au kioo kilichosagwa. Shinikizo psi 50 hadi 60 kwenye bati, bunduki umbali wa sm 40, pembe ya nyuzi 45, na usisimame sehemu moja.

Vipande vidogo kama bawaba, kufuli la boneti na mabano, tumia umeme: ndoo ya plastiki, soda ya kufulia gramu 15 kwa lita 4 za maji matamu, chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu kwenye hasi, chuma chakavu kwenye chanya. Njia hii huvuta na chumvi kutoka ndani ya vishimo. Magadi ya jikoni yasitumike, maana mara nyingi yana chumvi ndani yake. Chuma kisichoshika kutu pia kisiwekwe kwenye chanya, hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Fanyia nje penye hewa, kwa sababu povu lile ni haidrojeni. Springi na bolti ngumu usizitumbukize, haidrojeni huzifanya zivunjike kama biskuti.

---

mtwapa_sss

Shukran sana. Maswali matatu ya ziada. Nyayo za kizimba nizifanyeje? Mashine niliyopata ni ya waya usiotumia gesi, wa mm 0.8, je yatosha? Na banda langu liko wazi upande wa bahari, upepo wa kusi unaingia mchana kutwa.

---

nyundo_na_doli

Waya usio na gesi hauogopi upepo, lakini una joto kubwa kwa bati la mm 0.9 na mshono wake ni mgumu, haunyooki kwa nyundo. Utumie kwenye reli za geji 16 ukipenda. Sakafu na matao tafuta gesi. Kwa gesi, weka lita 10 hadi 12 kwa dakika na tundika turubai zito pande mbili. Usijaribu kushinda upepo kwa kufungua gesi zaidi: ikizidi huzunguka na kuvuta hewa ndani, mshono unatoka na vitundu kama sponji. Ukiona vitundu, saga vyote utoe, usichomelee juu yake.

Nyayo za kizimba si mahali pa kubahatisha. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, zinataka bamba la kuimarisha lenye unene wa angalau mm 3 na eneo la angalau sm² 120, lililochomelewa kwenye bodi, na kila wayo mkuu ushikwe kwa bolti zisizopungua 3 za M8 daraja la 8.8. Bamba la sm 10 kwa sm 12 linatimiza, lakini kwenye sakafu iliyotengenezwa upya likate kubwa zaidi na ulikunje lipande ubavu wa sili, ili mzigo uingie kwenye sili na si kwenye bati bapa. Mpangilio: sakafu mpya ienee chini ya wayo wote bila kiungo, bamba juu yake, kiungo cha kiraka kiwe mbali na bamba kwa sm 5 au zaidi. Wasimamizi wa mbio za magari ya kale huangalia na kanuni za Kiambatisho K, kile cha magari ya kale, kwa hiyo waonyeshe picha kabla ya kupaka rangi.

Jambo jingine kwa gari lenye historia: piga picha kila mabano, kila tundu la ziada na kila mshono ulioongezwa na watayarishaji wa wakati ule, ukiwa na rula ndani ya picha. Magamba ya Safari mara nyingi yaliongezewa nukta kando ya mishono, karibu na shokabsoba hasa. Mishono hiyo irudishwe kama ilivyokuwa, na vipande ulivyokata vitunze kwenye sanduku. Ndivyo utakavyothibitisha gari ni lenyewe.

---

bati_changamwe

Chanzo cha maji kwanza, kabla sakafu mpya haijaingia. Sakafu za 510 haziozi kutoka chini tu. Maji huingia kwenye sanduku la hewa chini ya kioo cha mbele, majani huziba njia yake, kona zile mbili unazozitaja hutoboka, na maji hutiririka ndani ya kabini hadi chini ya zulia. Mwaga ndoo ya maji juu ya sanduku hilo, mwenzako akae ndani na tochi. Ukibadilisha sakafu bila kuziba pale, utaibadilisha tena.

---

kompresa_shimanzi

Rangi sasa. Chuma lazima kiwe na joto la nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande huanza karibu na nyuzi 26, kwa hiyo bati likiwa chini ya 29 usipulize. Bati lililolala usiku kwenye kivuli asubuhi liko chini ya hapo, hata kama wewe unatokwa jasho. Saa nne hadi saa tisa mchana ndio muda wako. Januari na Februari ni bora kuliko Mei, wakati masika imeshika. Thina iwe ya polepole. Ya haraka hupoza uso, unyevu unatua juu yake na rangi inapauka kama maziwa. Kompresa yenyewe hutema maji: weka bomba la chuma la mita 8 lenye mteremko kabla ya kichujio, hewa ipoe na kuangusha maji, na fungua koki ya tangi kila saa.

Praima ya epoksi mikono 2 moja kwa moja juu ya chuma safi. Usipake praima ya asidi chini yake, zinagombana. Filla juu ya epoksi iliyokwaruzwa kwa msasa 180, si juu ya chuma, kwa sababu filla hunywa unyevu na kuupeleka chini. Isizidi mm 3. Ikihitaji zaidi, rudi kwenye nyundo. Kikaushio gramu 2 kwa gramu 100 za filla. Kwa joto letu una kama dakika 4, kwa hiyo changanya kidogo. Ukizidisha kikaushio, doa la njano litapanda hadi kwenye rangi ya juu. Sugua filla kavu, usimwagie maji.

Mishono yote ipate sila ya poliuretani baada ya epoksi. Ndani ya matao weka kinga ya mawe ya kupulizwa inayobaki laini, si lami, kwani lami hupasuka kwa changarawe na maji hukaa nyuma ya ufa.

Ndani ya sili na reli ingiza nta ya matundu kwa mrija mrefu wenye pua inayozunguka, siku 7 baada ya rangi, gari likiwa limepata joto la jua ili nta itambae. Laza kadibodi chini: ikianza kudondoka kwenye kila tundu la kutolea maji, imefika. Kesho yake pitisha waya kwenye kila tundu, maana nta ikiziba tundu umetengeneza birika. Rudia kila Machi, kabla ya masika. Oili chafu ya injini usiitie mule: ina asidi na masizi, hula mipira, na siku ukihitaji kuchomelea tena itawaka ndani ya sili.

Baada ya kila mbio za pwani, osha chini ya gari kwa maji matamu siku hiyohiyo, matundu ya sili kwanza, kisha liache juani milango wazi.